Kwa nini dola nzima inakataliwa Lubumbashi? Uzi kuhusu hofu, mkumbo na makuta yetu

Mweka Daftari wa Katuba

Jambo yenu, ndugu na mama zangu. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu.

Kila mtu wa hapa Lubumbashi, Kongo, yamemkuta haya. Unampa mwenye depo noti ya dola ishirini. Anaiinua kwenye mwanga, anaipapasa pembe kwa pembe, anakuta mpasuko mdogo usiofika upana wa ukucha, anakurudishia: "Hii haitembei." Unakwenda kwa kambisti, mbadilisha pesa, anaipokea lakini anakata sehemu ya thamani yake. Noti hiyo hiyo kwao Marekani ni pesa kamili. Noti zao za zamani na mpya zote bado ni halali, na iliyochanika inalipwa thamani yake yote mradi zaidi ya nusu yake ionekane.

Mwenye depo ana akili timamu. Anachowaza ni kama msambazaji wake ataipokea kesho. Msambazaji anamwaza mfanyabiashara wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Huyo wa Kasumbalesa anamwaza mwingine ambaye hata hamjui. Waulize mmoja mmoja: kila mmoja atakwambia yeye binafsi hana neno na mpasuko, shida ni wengine. Na wote wanasema kweli.

Mwaka 1936 mwanauchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alifananisha soko la hisa na shindano la gazeti. Wasomaji wanaonyeshwa picha 100 za nyuso, wanachagua sita zilizo nzuri kupita zote, na zawadi anapata yule ambaye chaguo lake limekaribiana na la wengi. Anayetaka kushinda anaacha kutazama uzuri. Anatafuta uso anaodhani wengine wataupenda, huku akijua kwamba wengine nao wanapiga hesabu hiyo hiyo. Mimi nikisoma hapo nawaona makambisti wetu na noti zao kwenye mwanga.

Nafanya hesabu za maduka kadhaa ya soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), tena nashika daftari la likelemba, mchango wa zamu, ya akina mama mtaani kwetu. Ninachokiona miaka yote hii ni kwamba makuta yetu, yaani pesa zetu, hayapotei kwa sababu watu hawajui hesabu. Mama anayeuza unga kwa meka, kile kipimo kidogo, anajua hesabu kuliko wengi wenye diploma. Yanapotea siku hofu inapoingia, au siku tamaa inapoingia, kwa sababu siku hiyo kila mtu anamtazama mwenzake.

Tuanze na hofu. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha majaribio ambayo mtu yeyote anaweza kuyarudia nyumbani. Waliuliza watu: unataka upewe 3,000 kwa uhakika, au ujaribu bahati yenye nafasi 80 kwa 100 ya kupata 4,000? Asilimia 80 walichukua 3,000 zao wakaondoka. Kisha wakageuza swali: utapoteza 3,000 kwa uhakika, au ujaribu bahati, nafasi 80 kwa 100 upoteze 4,000, na nafasi 20 usipoteze kitu? Hapo asilimia 92 walichagua kujaribu bahati.

Piga hesabu mwenyewe. Katika swali la kwanza, bahati ina wastani wa 3,200, yaani inazidi ile ya uhakika, na watu wanaikataa. Katika swali la pili bahati ina wastani wa hasara ya 3,200, ni mbaya kuliko ile ya uhakika, na watu wanaikimbilia. Mbele ya faida tunaogopa, mbele ya hasara tunakuwa wacheza kamari. Uchungu wa kupoteza dola mia unazidi sana furaha ya kuokota dola mia. Kahneman alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996, na zawadi hiyo haipewi marehemu.

Sasa leteni ya kwenu. Nitarudi jioni na habari ya unga.

Kijana wa Kamalondo

Njo vile yaya! Juzi mama mwenye kuuzisha makala (makaa) alikatala dola yangu tano juu ya kapande kadogo kenye kupasuka tu. Nilirudi nyumba na njaa.

Mama Meka

Baba, umesema kweli juu yetu sisi wa unga, lakini usisahau jambo moja. Watu wanasema wauzaji ndio wanaopandisha bei kwa uroho. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa sababu ya ule mgogoro wa bia na soda, mimi sikupandisha kitu asubuhi ile. Walikuja wateja wangu wa kila siku, wale wa meka moja, kila mmoja anataka gunia zima. Mchana unga ukabaki kidogo. Ningefanya nini? Nikiuza wote kwa bei ya jana, kesho nitanunulia bei gani?

Mweka Daftari wa Katuba

Mama Meka, shukrani. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kuieleza, na wewe umeieleza kutoka ndani.

Kwa wasiokaa Katanga: bukari yetu, yaani ugali, inategemea sana mahindi ya Zambia. Mwaka 2024 ukame uliwapiga wenzetu hadi rais wao akatangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari. Kwa hiyo tayari watu walikuwa na wasiwasi. Kisha serikali yetu ikazuia bia na soda kutoka nje, na Agosti Zambia ikajibu kwa kufunga mipaka ya Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Kufungwa kwenyewe kulikuwa kwa siku chache tu. Lakini simu zilikuwa zimeshajaa ujumbe, na kila ujumbe ulimalizika kwa neno moja: nunueni.

Angalieni tena yule mteja wa meka moja aliyetaka gunia. Je, alikosea? Kama wengine wote wananunua gunia, anayebaki na meka moja ndiye atakayelala njaa. Kwa nafsi yake alifanya sawa. Na kwa sababu kila mmoja alifanya sawa kwa nafsi yake, unga ukaisha kweli, wakati magari yalikuwa yamepanga foleni ng'ambo ya mpaka yakisubiri kuingia.

Benki zinaanguka kwa njia hiyo hiyo. Machi 9, 2023 wateja wa benki moja ya California, Silicon Valley Bank, waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ikafungwa. Benki hiyo ilikuwa imepata hasara kwenye dhamana za serikali, hilo ni kweli, lakini kilichoimaliza siku ile ni watu kuambiana kwa simu kwamba wengine wanatoa. Hao ni wenye kampuni za teknolojia, watu wa shule ndefu. Wachumi Douglas Diamond na Philip Dybvig walikuwa wameshaonyesha mwaka 1983 kwamba hata benki yenye afya inaweza kuangushwa hivyo, kwa kuwa benki yoyote haikai na pesa zote za wateja sandukuni. Wa kwanza kufika analipwa, wa mwisho anakuta mlango. Kwa hiyo ukisikia wenzako wanakimbia, kukimbia ni jambo la akili.

Ndiyo maana sipendi maneno ya "watu wetu hawana elimu ya fedha" yanayosemwa kila kikitokea kitu. Wanayo.

Mzee wa Ruashi

Wanangu, nimesoma yote. Niongeze ya zamani.

Mnatucheka sisi wazee kwamba tunaficha dola ndani ya godoro, hatuamini franka, hatuamini benki. Mnakumbuka nini ninyi? Mwaka 1991 Kinshasa kulikuwa na Bindo. Unaweka pesa, baada ya wiki chache unarudishiwa mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kweli, tuliwaona wakinunua vitu. Wapo waliouza mali zao kuingia. Mwaka huo huo ikaanguka. Septemba pillage ya kwanza, uporaji wa askari. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya milioni tano za zaire, pesa yetu ya wakati ule, wafanyabiashara wakaikataa. Askari wakalipwa kwa hiyo noti isiyonunua kitu, na Januari 1993 ikawa pillage ya pili. Oktoba mwaka huo wakaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Halafu 1998 franka, moja kwa zaire mpya laki moja.

Hesabuni ninyi vijana mnaojua mashine. Mtu aliyekuwa na zaire milioni mia mfukoni mwaka 1993, mwaka 1998 alikuwa na nini?

Mwanafunzi wa Unilu

Shikamoo mzee. Nimepiga: milioni mia kugawa milioni tatu ni zaire mpya 33 na kidogo. Ukigawa kwa laki moja, haifiki hata sehemu ya elfu moja ya franka.

Mweka Daftari wa Katuba

Mzee, heshima yako. Sitakucheka kamwe, na nina ushahidi wa kukutetea.

Mwaka 2011 watafiti Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walichapisha utafiti wa familia za Marekani uliotumia takwimu za tangu miaka ya 1960. Walitaka kujua kama mambo ya soko ambayo mtu ameyaishi mwenyewe yanaongoza uamuzi wake kuliko yale aliyoyasoma. Yanaongoza. Waliopitia miaka mibaya ya hisa waliogopa hisa kwa miaka mingi baadaye, ingawa habari zilizokuwa mezani ni zile zile kwa kijana na kwa mzee. Na miaka ya karibuni ina nguvu zaidi, ingawa ile ya zamani haifutiki.

Kwa hiyo mzee wa Ruashi na mjukuu wake wakiitazama noti moja ya franka elfu ishirini, wanaona vitu viwili. Mzee anaona 1993.

Lakini mzee ameruka sehemu moja ya historia ambayo mimi naiona ya maana kuliko zote. Zaire mpya ilipokuja, Kasai waliikataa. Mbuji-Mayi na Kananga waliendelea kutumia zaire za zamani zilizochakaa, ambazo Kinshasa ilikuwa imezifuta. Karatasi iliyokufa kisheria ilinunua chumvi na mafuta, kwa sababu watu wa mkoa mzima walikubaliana kuipokea. Nao hawakuchapiwa noti nyingine juu yake, kwa hiyo ilishika thamani wakati zaire mpya inayeyuka kwingine.

Tazameni uhusiano. Lubumbashi tuna noti nzima kisheria ambayo haitembei. Kasai walikuwa na noti iliyofutwa kisheria ambayo ilitembea. Kilichofanya kazi pande zote mbili ni kile kila mtu alichoamini kuhusu jirani yake.

Transita wa Kasumbalesa

Kaka, maneno mazuri, ila unazungumza sana juu ya hofu. Upande wa tamaa vipi? Mimi mtu wa kupitisha mizigo mpakani nimeshuhudia 2018.

Mweka Daftari wa Katuba

Nakuja huko, ndugu transita.

Kobalti. Machi 2018 kwenye soko la metali la London tani moja ilifika karibu dola 95,000. Kolwezi, mtaa wa Kasulo, watu walichimba hadi ndani ya vyumba vyao vya kulala. Walioacha kazi za mshahara kwenda kwenye mashimo tunawajua, ni jamaa zetu. Hesabu yao ilikuwa hii: bei imepanda jana, imepanda leo, kesho itapanda. Katikati ya 2019 tani ilikuwa chini ya dola 30,000. Mwaka 2022 ikapanda tena kupita 80,000, na mwanzoni mwa 2025 ikawa imeshuka hadi karibu 21,000, ndipo serikali ikasimamisha uuzaji nje tarehe 22 Februari, na Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni.

Akili ya binadamu inaona mstari pale penye nukta mbili tatu tu. Bei ya juu yenyewe inawaita wachimbaji wapya, wachimbaji wapya wanajaza soko, na soko lililojaa linaivunja bei. Aliyeingia mwisho ndiye anayebaki shimoni. Kila mtu wa Copperbelt, ukanda wetu wa shaba, amemsikia babu yake akieleza hili kuhusu shaba ya 1974, na bado.

Hapa ndipo yale majaribio ya 1979 yanauma zaidi. Mnunuzi aliyechukua mzigo kwa bei ya Machi 2018, bei ilipoanza kushuka, aliambiwa uza. Akasema hapana, nangoja irudi. Ni lile swali la pili: hasara ya uhakika mkononi, au bahati yenye hasara kubwa zaidi. Wachumi Hersh Shefrin na Meir Statman walieleza tabia hii mwaka 1985. Baadaye Terrance Odean alipekua akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani, akachapisha mwaka 1998: watu wanauza upesi hisa iliyopanda na kung'ang'ania iliyoshuka. Katika mwaka mmoja baada ya kuuza, zile walizouza zikafanya vizuri kuliko zile walizobaki nazo, tofauti ya asilimia 3.4. Soko halikumbuki ulinunua kwa bei gani. Ni wewe tu unayekumbuka.

Mwanafunzi wa Unilu

Yaya, profesa wetu anasema bei ya soko inabeba habari zote, huwezi kulishinda soko. Mbona wewe unasema soko ni hofu na tamaa?

Mweka Daftari wa Katuba

Mdogo wangu, mwaka 2013 Nobeli ya uchumi walipewa watu watatu kwa pamoja. Eugene Fama, anayesema yale ya profesa wako. Robert Shiller, aliyeonyesha kwamba bei za hisa zinayumba kupita kiasi ukilinganisha na faida zinazolipwa na kampuni. Wa tatu ni Lars Peter Hansen, mtu wa vipimo. Waliketi jukwaa moja. Mimi nachukua kwa Fama onyo kwamba usidhani wewe ni mwerevu kuliko soko, na kwa Shiller kwamba soko nalo linaweza kupotea miaka mingi. Yote mawili yanakwambia usiweke mahari ya dada yako kwenye kobalti.

Mama wa Kigoma (mtaa wa Kenya)

Samahani, mimi nitapinga. Mnasema saikolojia, saikolojia. Mimi nanunua meka kila siku ingawa najua gunia ni rahisi zaidi. Sababu ni kwamba sina pesa ya gunia. Mume wangu ni manseba, mtu wa kazi za kila siku, analeta kila jioni alichopata. Mkimaliza masomo yenu ya akili, je, pesa ya gunia itatoka wapi?

Mweka Daftari wa Katuba

Mama, umenena haki kabisa, na yeyote anayeandika mambo haya bila kuanza na swali lako anawaonea watu.

Upungufu wenyewe unakula akili. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio la wakulima wa miwa wa kusini mwa India. Mkulima yule yule alipimwa kabla ya mavuno, mfuko mtupu, na baada ya mavuno, amelipwa. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi kwenye mafumbo ya akili. Kichwa kilikuwa kimejaa hesabu za deni.

Pesa ya gunia siwezi kukwambia itatoka hewani. Ninachoweza ni kukueleza tunachofanya katika likelemba yetu, kwa kuwa wanachama ni akina mama kama wewe, na waume wengi ni manseba. Kila mmoja anatoa kidogo kila Jumamosi, zamu inazunguka. Nguvu ya likelemba iko kwenye aibu na ahadi: wenzako wanakutazama, huwezi kuila ile pesa Ijumaa. Magharibi mwa nchi ya Kenya watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanakijiji sanduku la chuma lenye kufuli, la kuwekea akiba ya afya tu. Matumizi ya watu kwenye vitu vya afya yaliongezeka kwa karibu theluthi mbili. Sanduku halikuwaongezea hata senti. Liliwapa sababu ya kumjibu jamaa anayeomba: pesa hiyo ina kazi yake.

Sisi tumeongeza masharti mawili, yote tuliyaandika wakati hakuna kelele mjini. La kwanza: zamu moja kila mwaka haiendi kwa mtu, inanunua mahindi kati ya Mei na Juni, wakati wa mavuno, bei iko chini. Tunanunua punje, unga haudumu. Kila mama anakuja kuchukua yake Januari na Februari, miezi ambayo bei inapaa, anasaga mwenyewe. La pili: mpaka ukifungwa, hakuna anayeruhusiwa kudai ghala lifunguliwe kabla ya wiki mbili. Agosti 2024 sharti hilo lilipigiwa kelele sana. Mpaka ulifunguliwa kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Mama Meka

Na mimi ni mwanachama, nathibitisha. Nililia siku ile, nilitaka kufungua. Katibu alinifungulia ukurasa wenye sahihi yangu.

Transita wa Kasumbalesa

Mmenivutia. Na zile noti zilizochanika? Kama Kasai waliweza mkoa mzima, likelemba moja haiwezi?

Mweka Daftari wa Katuba

Tumeanza. Ndani ya kikundi, noti yenye mpasuko mdogo inapokelewa thamani kamili kwa michango na kwa kulipa mkopo. Kwa hiyo mwanachama haogopi kuipokea kwa mteja wake. Shida yetu ni noti zinazojikusanya kwenye sanduku, kwa sababu muuza mahindi hazitaki.

Kambisti wa Mjini

Naomba niseme kama mwenye kazi. Tunaonekana wakatili, tunakata kwa kupenda. Noti mbaya mimi nazikusanya, nampa mtu anayesafiri nazo nje kuzibadilisha, na yeye ananikata. Inachukua wiki nyingi, pesa yangu imelala. Noti moja ya mteja nisiyemjua nakata sana, kwa sababu sijui nitapata nyingine lini za kujaza bahasha. Mkiniletea nyingi kwa mpigo, zimepangwa, hakuna iliyoungwa kwa gundi, nitakata kidogo sana.

Mweka Daftari wa Katuba

Ndugu kambisti, umenifungua macho. Basi tufanye hivi: tunaleta bahasha moja kila mwisho wa mwezi, noti za dola tano hadi mia, mpasuko tu, bila gundi na bila wino. Asilimia yako tunaiandika leo, na inabaki ile ile hadi Desemba hata dola ikipanda au kushuka. Nasi tunaahidi kutompelekea mwingine. Hasara hiyo ndogo inagawanywa kwa wanachama wote kwenye daftari, asiibebe aliyeipokea noti. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie kiwango chako, nikisome kwenye mkutano wa Jumamosi wakipigie kura.